UZI: Benfica 2012/13. Ubingwa haukuondoka na bao la Kelvin, uliondoka Jumatatu ile na Estoril

Mzee wa Sare (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kila ligi ya Ureno ikitajwa humu, hakosi mtu wa kuleta ile klipu ya Kelvin wa Porto akiifunga Benfica dakika ya 92, kocha wa Benfica Jorge Jesus akipiga magoti pembeni ya uwanja pale Dragão, nyumbani kwa Porto. Klipu tamu, sikatai. Ninachopinga ni lile neno linalofuata kila mara: "hapo ndipo Benfica walipopoteza ubingwa." Hapana. Nimekaa na hili muda mrefu, leo naliweka mezani. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kwanza msimamo wa mwisho, maana wengi humu wanakumbuka klipu na wamesahau jedwali. Timu 16, mechi 30. Porto pointi 78: ushindi 24, sare 6, kufungwa sifuri. Benfica pointi 77: ushindi 24, sare 5, kufungwa mara moja. Idadi ya ushindi ni ileile! Na Benfica ndio waliofunga mabao mengi zaidi, 77 kwa 70 ya Porto. Porto wao walizidi nyuma, waliruhusu 14 tu msimu mzima wakati Benfica waliruhusu 20.

Sasa rudini wiki mbili kabla ya mwisho. Jumatatu tarehe 6 Mei 2013, Benfica wako nyumbani kwao Luz na Estoril. Porto walikuwa wameshacheza na kushinda ugenini kwa Nacional, kule kisiwani Madeira. Benfica wakishinda wanaongoza kwa pointi 4 zikiwa zimebaki mechi mbili. Mechi ikaisha 1-1. Jefferson akaitanguliza Estoril, Maxi Pereira akasawazisha, uwanja mzima ukasukuma mpaka filimbi ya mwisho, hakuna kitu.

Fanyeni hesabu wenyewe. Wangeshinda ile, wangekwenda Dragão na pointi 76 dhidi ya 72. Kelvin anafunga lile bao lake, Porto wanafika 75. Mechi ya mwisho wote wanashinda, kama ilivyotokea kweli: Benfica 79, Porto 78. Bingwa ni Benfica, na Kelvin anabaki kijana aliyefunga bao zuri kwenye mechi ambayo haikubadilisha kitu.

Ndiyo hoja yangu. Sehemu ya pili inakuja, naandika.

---

Chuma cha Reli

Nimekaa siti ya mbele mkuu, endelea kushusha.

---

Kipanga wa 254

Hesabu iko sawa lakini hivyo unaweza kuchagua sare yoyote. Benfica walitoka 2-2 na Braga mechi ya kwanza kabisa ya msimu. Wakatoka 2-2 na Académica. 2-2 na Nacional mwezi wa pili. Mbona usiseme ubingwa uliondoka Agosti?

---

Mzee wa Sare

Swali zuri kaka. Pointi ni pointi, Agosti au Mei. Tofauti ni kwamba sare ya Agosti unaicheza bila kujua bei yake, na ukishaipata una miezi tisa ya kuifidia. Ile ya Estoril bei ilikuwa imebandikwa ukutani, kila mtu pale Luz aliiona. Na ninaitaja kwa sababu ya namna walivyofika pale, ndiyo sehemu ya pili.

Angalieni ratiba. Alhamisi 25 Aprili wako Istanbul, nusu fainali ya Europa League, Fenerbahçe wanawafunga 1-0. Jumatatu 29 wako Madeira na Marítimo, wanashinda 2-1. Alhamisi 2 Mei marudiano na Fenerbahçe, wanashinda 3-1, Cardozo kafunga mawili. Jumatatu 6 Estoril. Jumamosi 11 Dragão. Jumatano 15 fainali Amsterdam na Chelsea. Katikati ya haya kuna ndege ya Uturuki na ndege ya kisiwani. Porto kipindi hicho walikuwa wameshatolewa Ligi ya Mabingwa na Málaga tangu Machi. Wanacheza wikiendi, wanalala, wanafanya mazoezi, wanacheza wikiendi.

Na kikosi kile hakikuwa kipana kama watu wanavyodhani. Mwisho wa Agosti 2012 Javi García aliuzwa Manchester City. Siku chache baadaye Axel Witsel akaenda Zenit, dirisha la usajili la Ulaya likiwa limeshafungwa na la Urusi bado wazi. Viungo wawili wa kati wameondoka kwa mkupuo, na huwezi kununua tena. Hapo nampa Jorge Jesus heshima yake yote: akamsimamisha Nemanja Matić, ambaye watu walimchukulia kama chenji ya biashara ya David Luiz na Chelsea, na akamchukua Enzo Pérez aliyekuwa winga akamgeuza kiungo wa kati. Wawili wale ndio waliobeba msimu. Beki ya kushoto akampeleka Melgarejo, naye mtu wa mbele. Timu ilikuwa nzuri mno, lakini waliotegemewa ni walewale kila baada ya siku tatu.

---

Mtazamaji Tu

Mnasahau laana ya Béla Guttmann wakuu. Hizo ratiba ni visingizio.

---

Dada wa Kadi Nyekundu

Mtazamaji Tu, laana ya Guttmann ni ya makombe ya Ulaya. Mzee akiwa kocha wa Benfica aliwapa Kombe la Ulaya 1961 na 1962, akaomba nyongeza, akanyimwa, ndipo inasemekana akatamka kuwa hawatakuwa mabingwa wa Ulaya kwa miaka mia. Ligi ya nyumbani hakuilaani. Mkitaka kutumia uchawi angalau muutumie mahali pake, Amsterdam: Torres, Cardozo kwa penati, halafu Ivanović kwa kichwa dakika ya 93. Siku nne tu baada ya Kelvin.

Mwaka 1990 Eusébio mwenyewe alikwenda Vienna kuomba kaburini kwa mzee, maana fainali ilikuwa jiji hilohilo. Wakafungwa na Milan 1-0. Kama Eusébio hakusikilizwa, wewe na mimi ni nani?

---

Mtazamaji Tu

😂😂 Sawa dada, nimenyoosha mikono. Lakini dakika ya 92 halafu dakika ya 93 wiki moja, hapo niacheni na imani yangu.

---

Mwana wa Palma

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mtu wa mpakani, upande wa Msumbiji, Cabo Delgado, huku kwetu Kiswahili kipo na Kireno kipo. Uzi huu umenigusa kwa sababu huku ligi ya Ureno si habari ya mbali. Mnyasa na Mwarabu wa kijiweni wanagombana kuhusu Benfica na Sporting kama nyie mnavyogombana Simba na Yanga. RTP África, televisheni ya Ureno, ipo, watu wanafuatilia.

Nataka kuwakumbusha kitu ambacho mleta uzi hajakigusa: nafasi ya tatu msimu ule. Paços de Ferreira! Mji mdogo wa mafundi samani kaskazini ya Ureno, uwanja wao Mata Real unaingiza watu elfu chache tu, wakamaliza na pointi 54 juu ya Braga wenye 52, wakapata mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Kocha wao alikuwa Paulo Fonseca, na Fonseca kazaliwa Nampula, 1973. Mtoto wa huku kwetu, ingawa aliondoka mdogo. Msimu uliofuata Porto wakamchukua, mambo hayakumwendea vizuri, lakini baadaye Shakhtar, Roma, Lille, Milan, Lyon, mmeona wenyewe.

Mchujo wenyewe Paços walipangwa na Zenit. Mechi ya nyumbani ikabidi waicheze Dragão kwa sababu kiwanja chao hakikutosha. Walipigwa nne huku na nne kule. Hata hivyo, Paços de Ferreira kusikia wimbo wa Ligi ya Mabingwa, ni nani aliwaza?

---

Chuma cha Reli

Karibu sana ndugu wa Palma. Na mimi naongeza Estoril hapohapo. Watu wanaisema ile sare kama aibu, "mmeshindwa kuifunga Estoril?" Estoril ile ilikuwa imepanda daraja 2012 ikamaliza ya TANO, ikaenda Europa League. Kocha alikuwa Marco Silva, huyu huyu aliyekuja kuifundisha Fulham. Alistaafu kucheza pale pale Estoril, wakampa ukurugenzi wa michezo, baada ya muda mfupi wakampa timu. Haikuwa timu ya kuokota.

---

Mzee wa Sare

Chuma cha Reli umeniwahi. Hebu tazameni mabenchi ya msimu ule, mimi hili huwa linanifurahisha kuliko ubingwa wenyewe. Jorge Jesus Benfica. Vítor Pereira Porto. Fonseca Paços. Marco Silva Estoril. Rio Ave waliomaliza wa sita alikuwepo Nuno Espírito Santo, kazi yake ya kwanza kabisa ya ukocha mkuu, golini alikuwa na kijana wa mkopo kutoka Benfica anaitwa Jan Oblak. Guimarães alikuwepo Rui Vitória. Sérgio Conceição alianza msimu Olhanense akaumaliza Académica. Nusu ya hao baadaye wamefundisha Uingereza, Italia, Hispania. Ligi ambayo watu humu wanaiita "ligi ya timu tatu".

Na hizo timu tatu zenyewe moja haikuwepo msimu ule. Nani anataka kuisemea Sporting?

---

Dada wa Kadi Nyekundu

Nani atake? Nafasi ya SABA. Pointi 42, sawa na Rio Ave lakini chini yao. Haijawahi kutokea katika historia ya klabu ile. Makocha wanne msimu mmoja: Sá Pinto, Oceano kwa muda, Vercauteren, halafu wakamwita Jesualdo Ferreira kuzima moto. Rais Godinho Lopes akaondoka, uchaguzi ukafanyika Machi 2013 akashinda Bruno de Carvalho. Msimu uliofuata wakawa wa pili na kocha Leonardo Jardim, kwa hiyo wachezaji hawakuwa wabaya. Nyumba ndiyo ilikuwa imevurugika.

Ila kumbuka, hao hao Sporting wabovu waliwabana Porto 0-0 nyumbani kwao Alvalade mwezi wa tatu. Mpira!

---

Kipanga wa 254

Sawa, tuongee Porto basi, kwa sababu uzi mzima ni kilio cha Benfica. Nyinyi mnafanya kama Porto waliokota ubingwa barabarani. Hawakupoteza mechi HATA MOJA. Waliuza Hulk Septemba, siku zilezile za Witsel na klabu ileile Zenit, na wao hawakuweza kununua. Mbona Benfica wana kisingizio na Porto hawana?

Jackson Martínez alikuja kutoka Mexico, Jaguares, watu wakauliza huyu nani. Msimu wake wa kwanza mabao 26, mfungaji bora. Lima wa Benfica alimfuata na 20. Moutinho na Lucho katikati, Fernando nyuma yao, James Rodríguez akiingia ndani kutoka pembeni. Helton golini, Danilo, Otamendi, Mangala, Alex Sandro. Hiyo ni backline ya pesa ngapi leo?

Na Vítor Pereira misimu miwili ya ligi amepoteza mechi MOJA. Gil Vicente, Januari 2012, 3-1. Mechi 60, kipigo kimoja. Na bado mashabiki wa Porto walikuwa wanamlalamikia kwamba timu inachosha kutazama.

---

Chuma cha Reli

Kipanga usisahau pia alikuwepo Christian Atsu wa Ghana kwenye kikosi kile. Mungu ampumzishe, lile tetemeko la Uturuki 2023 lilituumiza sana. Yeye na Kelvin walikuwa wote kwa mkopo Rio Ave msimu wa nyuma yake.

---

Mzee wa Sare

Kipanga, sijasema Porto waliokota. Ukisoma vizuri, hoja yangu inawapa Porto sifa kubwa kuliko hiyo klipu yenu. Klipu inasema Porto walibahatika dakika ya 92. Mimi nasema walikuwa wamesimama pale pale tangu Agosti wanasubiri mwenzao ateleze, na siku alipoteleza mechi iliyofuata ilikuwa ya kukutana naye, nyumbani kwao.

Raundi ya kwanza walipokutana Luz, 13 Januari, iliisha 2-2. Mangala, Matić, Jackson, Gaitán, mabao manne ndani ya dakika 17 za mwanzo, halafu dakika zaidi ya 70 hakuna lingine. Bao la Matić lile la kuunganisha hewani, kama hujaliona litafute leo usiku.

Sasa Dragão, 11 Mei. Benfica wanahitaji sare tu waende mechi ya mwisho wakiwa juu kwa pointi 2. Lima anafunga dakika ya 19. Dakika saba baadaye mpira wa Varela unamgonga Maxi Pereira unaingia. 1-1. Kipindi cha pili Jesus anaanza kuilinda sare, anamwingiza Roderick, beki. Hapa ndipo uchovu ninaousema unaonekana kwa macho: timu iliyofunga mabao 77 ikarudi nyuma kulinda lango. Vítor Pereira upande wake anaingiza washambuliaji, Liedson na huyu Kelvin, Mbrazili wa miaka 19.

Halafu dakika za nyongeza: Liedson, ambaye miaka yote aliyokuwa Sporting kazi yake ilikuwa kuwatesa Benfica, anampa Kelvin upande wa kushoto. Kelvin anasogea, anapiga kwa mguu wa kushoto, mpira unapita chini kwenda nguzo ya mbali, kipa Artur haufikii. Mnajua mengine.

---

Dada wa Kadi Nyekundu

Na siyo bao lake la kwanza la namna ile. Mwezi mmoja nyuma aliingia akitokea benchi na Braga pale pale Dragão, akafunga mawili mwishoni, Porto wakashinda 3-1. Kwa hiyo Benfica walikuwa wameonywa kuhusu huyo dogo.

---

Mtazamaji Tu

Kelvin mwenyewe kaishia wapi?

---

Dada wa Kadi Nyekundu

Alirudi kwao Brazil kwa mikopo, Palmeiras, São Paulo, Vasco. Hakuwa nyota. Lakini kwenye jumba la makumbusho la Porto wamemtengea sehemu yake, wanaiita Espaço K. Kuna watu wana Ballon d'Or hawajajengewa kona na klabu yao.

---

Kipanga wa 254

Na ile penati ya Paços siku ya mwisho mbona hamuigusi? 😏 Nauliza kwa niaba ya rafiki.

---

Mzee wa Sare

Rafiki yako namjua 😂. Haya. 19 Mei, Porto wako Mata Real, wakihitaji ushindi. Dakika ya 23 James anaangushwa, refa anaweka penati na beki wa Paços, Ricardo, anapewa nyekundu. Lucho anafunga, Jackson anaongeza la pili, 2-0. Mashabiki wa Benfica mpaka leo wanasema James aliangushwa nje ya boksi. Ningekuwa shabiki wao na mimi ningesema. Lakini anayetegemea Paços wamzuie Porto ili yeye awe bingwa ameshakubali kwamba kazi yake mwenyewe imemshinda, na kazi ile ilikuwa nyumbani, siku 13 kabla.

---

Mwana wa Palma

Malizia na Jamor mzee, ule uwanja wa fainali ya kombe, usituachie hapo.

---

Mzee wa Sare

Jamor inauma kuliko zote. 26 Mei, fainali ya Taça de Portugal, Kombe la Ureno, na Vitória de Guimarães. Gaitán anafunga, Benfica wanaongoza mpaka dakika ya 79. Soudani wa Guimarães anasawazisha. Dakika ya 81 Ricardo Pereira, huyu aliyekuja kuwa beki wa Leicester, anafunga la pili. 2-1. Guimarães Taça yao ya kwanza katika historia. Filimbi ikalia, Cardozo akamvaa kocha wake uwanjani akimsukuma mbele ya kamera. Ndani ya majuma matatu vikombe vitatu vimeondoka, na zote tatu walipoteza 2-1.

Rais Vieira hakumfukuza Jesus. Watu walimwona kichaa. Msimu uliofuata Jesus akachukua ligi, Taça na Taça da Liga, yaani Kombe la Ligi. Ya Ulaya akafika tena fainali akafungwa na Sevilla kwa penati, na hapo Mtazamaji Tu ana ruhusa ya kuleta laana yake.

Vítor Pereira yeye, bingwa asiyefungwa, akaondoka kwenda Saudi Arabia, Al-Ahli. Na hata kabla Mei haijaisha Porto walikuwa wameshamuuza James na Moutinho Monaco kwa jumla ya euro milioni 70, 45 na 25.

---

Chuma cha Reli

Hizo milioni 70 zote ziliingia Porto? Nasikia enzi zile wachezaji walikuwa wanamilikiwa vipande vipande.

---

Kipanga wa 254

Ilikuwa hivyo kaka. Klabu za Ureno ziliishi kwa mtindo ule: mfuko wa wawekezaji unanunua asilimia fulani ya haki za kiuchumi za mchezaji, klabu inapata mtaji wa kumleta kutoka Colombia au Brazil, akiuzwa mnagawana. Ndiyo maana timu yenye mapato ya kawaida iliweza kuwa na Jackson, James na Mangala pamoja. FIFA walipiga marufuku 2015. Angalia Porto na Benfica Ulaya baada ya hapo uniambie kama ni bahati mbaya tu.

---

Mtazamaji Tu

Swali la mwisho nikalale. Waliokwenda na maji msimu ule, walioshuka daraja, ni akina nani?

---

Mzee wa Sare

Moreirense na Beira-Mar. Moreirense walizama siku ya mwisho wakifungwa 3-1 na Benfica hao hao pale Luz, lakini walirudi mwaka mmoja tu baadaye, na 2017 wakabeba Taça da Liga. Beira-Mar ndio wa kuwahurumia. Klabu ya Aveiro, uwanja wa Euro 2004 wa watu elfu 30, Eusébio mwenyewe alipita pale akimalizia soka lake. Madeni yakawala, 2015 wakaangukia mpaka ligi za wilaya.

---

Mwana wa Palma

Baba yangu mdogo alikuwa na jezi ya Beira-Mar, ya njano. Nilidhani ni ya Brazil mpaka nilipokuwa mkubwa.